Bolti za gari la kujiundia, Mbezi Beach: wapi stenlesi, wapi chuma cha 8.8

Gari lenyewe ni dogo, la viti 2, la mtindo wa Lotus Seven ambayo Colin Chapman aliitoa Uingereza mwaka 1957 na ambayo wajenzi wa majumbani wanaiiga mpaka leo. Chesisi ni ya skwea paipu ya milimita 25 yenye ukuta wa milimita 1.6, imepakwa rangi ya unga. Sakafu na mbavu ni bati la aluminiamu la milimita 1.2, pua na madigadi ni fibaglasi. Injini, giaboksi, difu, habu na usukani vimetolewa kwenye Toyota Altezza iliyogongwa. Linaunganishwa chini ya banda lililo wazi upande mmoja, Mbezi Beach, kama kilomita moja na nusu kutoka ufukweni.

Mfuko wa bolti uliokuja na chesisi ulikaa bandani masika yote. Ulipofunguliwa, bolti za zinki ya manjano zilikuwa na unga mweupe kwenye meno, na bolti nyeusi za Alen zilikuwa zimegeuka rangi ya tofali. Ushauri aliopewa mwenye gari ulikuwa mmoja kila alipouliza: tupa zote, nenda Gerezani, nunua stenlesi gari zima, usahau habari ya kutu. Orodha ya kununulia ilikuwa tayari. Tumeipitia kiungo kwa kiungo, maana baadhi ya mabadiliko yaliyokuwemo yangelinda gari, na mengine yangemfanya dereva ategemee bolti isiyomudu kazi yake.

Hewa ya pwani na unene wa zinki

Kiwango cha ISO 9223 hugawa hewa kwa ukali wake, kuanzia C1, ndani ya nyumba kavu, hadi C5 na CX. Kwa bahari ya joto kama yetu, yenye unyevu mwaka mzima na upepo wa kusi unaobeba chumvi kuelekea nchi kavu, ni busara kupanga kwa C5. Katika C5 zinki huliwa mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Bolti ya kawaida ya dukani iliyopakwa zinki kwa umeme ina tabaka la mikroni 5 hadi 8. Piga hesabu: mwaka mmoja, miwili ukibahatika, kisha chuma kiko uchi.

Kuna jambo wengi hulielewa kinyume. Sehemu inayopigwa na mvua si ndiyo inayooza haraka kuliko zote. Mvua ya masika huosha chumvi. Palipojificha, juu ya difu, nyuma ya mabano ya shokapu, ndani ya handaki la giaboksi, chumvi hutua na kubaki, na usiku unyevu unapopanda huinyonya na kuwa majimaji tena. Gari linaloshinda bandani bila kuoshwa chini hupata hali hiyo kila siku. Basi bolti zisizoonekana ndizo za kupangiwa kwanza.

Bolti za Alen nyeusi hazikuharibika kwa sababu ni mbovu. Weusi ule ni oksidi na mafuta tu, hauzuii kutu, na bolti zenyewe kwa kawaida ni daraja 12.9 (namba hizi hupima nguvu ya chuma: 8.8 iko chini, 10.9 katikati, 12.9 juu). Kilicholeta matatizo hapa ni wazo lililofuata la kuzipeleka kwa fundi wa kupaka zinki. Usafishaji wa asidi na upakaji wa umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu. Bolti ya 12.9 iliyonyonya haidrojeni hukazwa vizuri, hukaa saa kadhaa au siku kadhaa, halafu kichwa hukatika chenyewe gari likiwa limesimama. Dawa ni kuioka kwenye nyuzi joto 190 hadi 220 kwa saa nyingi, mara tu baada ya kupakwa, ndani ya saa 4. Karakana isiyo na tanuri lenye kipimo cha joto haiwezi kufanya hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo, mazoea ya kuloweka bolti zenye kutu kwenye asidi ya betri yaishie kwenye bolti za 8.8 kwenda chini. Kwa 10.9 na 12.9, tumia mafuta ya taa na brashi, na yenye mashimo ya kutu itupwe.

Sasipensheni: bolti 24 za kutogeuza stenlesi

Gari hili lina mikono miwili kila gurudumu, na kila mkono umeshikwa ndani kwa bolti 2. Hizo ni 8 mbele na 8 nyuma. Ongeza shokapu 4 zenye bolti 2 kila moja. Jumla 24, zote M12 (kipenyo cha milimita 12) za meno ya kawaida ya 1.75, yaani milimita 1.75 toka jino hadi jino, daraja 8.8. Orodha ya mwenye gari ilitaka zote ziwe stenlesi A2-70 (A2 na A4 ni aina za stenlesi, 70 na 80 ni daraja la nguvu).

Tazama nguvu kwanza. Eneo la M12 linalobeba mzigo ni milimita za mraba 84.3. Bolti ya 8.8 huhimili kilonewtoni 48.9 kabla ya kuanza kunyooka, yaani kurefuka bila kurudi. A2-70 huanza kunyooka kwenye 37.9. A4-80 hufika 50.6, kwa hiyo kwa karatasi inalingana na 8.8, lakini ni adimu madukani na mara nyingi kinachouzwa kwa jina la A4 ni A4-70, yenye nguvu ile ile ya A2-70.

Sasa weka spana. Bolti ya 8.8 ya M12, kavu, hukazwa karibu 85 Nm (newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha spana). Fundi akichukua A2-70, akaipaka grisi ya kuzuia kunata (na stenlesi haikazwi bila hiyo), msuguano hupungua, na 85 Nm zile zile huvuta bolti kwa karibu kilonewtoni 47. Imeshapita 37.9. Bolti imenyooka siku ya kwanza, nati inaonekana imekaza, na hakuna dalili yoyote kwa nje. Akitumia kipimo sahihi cha stenlesi yenye grisi, karibu 50 Nm, bolti itabaki salama lakini itabana kwa kilonewtoni 28 tu, wakati 8.8 ingebana kwa takriban 37.

Mbano huo ndio kazi yenyewe ya bolti hizi. Bomba la chuma lililo katikati ya bushi linatakiwa kubanwa kati ya mabano mawili lisisogee hata kidogo. Kinachozunguka ni raba. Mbano ukilegea, bomba huanza kuteleza, tundu la mabano hupanuka na kuwa yai, bolti hupinda huku na huku kila gari linapopita tuta. Barabara zetu za mtaani zina matuta na mashimo ya kutosha kumaliza bolti namna hiyo mapema. Inavunjika kwa uchovu, si kwa mzigo mmoja mkubwa, na inavunjikia penye meno.

Hapo ndipo urefu unapoingia, na hapa mfuko uliokuja na chesisi wenyewe ulikuwa na kasoro. Mabano ni ya milimita 3 kila upande, bomba la bushi milimita 50, washa za milimita 2.5 kila upande. Jumla ni milimita 61. Ukiongeza lokinati ya milimita 12 na meno mawili ya kuchomoza, unapata 76.5, na kila mtu hununua M12×80. Lakini bolti ya 80 isiyo na meno mwili mzima ina meno ya milimita 30, kwa hiyo sehemu laini ni 50 tu. Kutoka kichwani, milimita hizo 50 huishia ndani ya bomba la bushi, na bano la pili linakaa juu ya meno. Meno hukata tundu la bano kama msumeno, na bolti hubeba mzigo pale ilipo nyembamba. Inayofaa ni M12×90, yenye sehemu laini ya karibu milimita 60. Usiamini jedwali peke yake. Pima kwa vernia, kwa sababu meno hayaanzi ghafla na unene kamili huweza kuishia milimita chache kabla. Ikiwa nati inagota mwisho wa meno kabla ya kubana, ongeza washa ya pili chini ya nati. Kipande kinachozidi nje kinaweza kukatwa, ila ncha ipakwe rangi yenye zinki siku hiyo hiyo.

Bolti yenye meno mwili mzima haina nafasi hapa kabisa, hata iwe 12.9.

Kuhusu kutu, jibu la bolti hizi 24 ni chuma cha 8.8 chenye tabaka la vipande vidogo vya zinki na aluminiamu, lile la rangi ya kijivu kilichofifia linalouzwa kwa majina kama Geomet na zamani Dacromet. Halipakwi kwa umeme wala asidi, hivyo hakuna hatari ya haidrojeni, na kwenye kipimo cha ukungu wa chumvi huvumilia saa 480 hadi 1,000 kabla ya kutu nyekundu. Zinki ya manjano ya kawaida kwa kawaida haifiki 200. Zinki yenye nikeli, inayofika karibu saa 720, nayo ni nzuri sana. Zote mbili itabidi ziagizwe nje, na kwa bolti 24, nati 30 na washa 60 mzigo ni mdogo. Muuzaji aulizwe kipimo cha kukazia, kwa sababu tabaka hizi zina ulainishaji wake na 85 Nm za chuma kikavu huweza kuwa nyingi mno.

Asiyeweza kuagiza atumie zinki ya kawaida, 8.8 halisi, akaipake nta ya kuzuia kutu baada ya kukaza, na akubali kuzibadilisha kila baada ya miaka 2. Hiyo si njia duni. Bolti inayoota kutu juu juu huonekana na hubadilishwa. Iliyonyooka ndani ya bano haionekani.

Swali la kwa nini tusipande hadi 10.9 linakuja kila mara. Mzigo wa gari la kilo 600 hivi hauhitaji. Na kadiri chuma kinavyokuwa kigumu ndivyo kinavyozidi kuogopa haidrojeni, ambayo hata kutu yenyewe huizalisha. Kwenye hewa ya chumvi, 8.8 ni chaguo tulivu zaidi.

Usukani, breki na mikanda

Hapa ni pafupi. Bolti za jointi ya usukani, za kalipa za breki na za mikanda ya usalama zitoke kwenye Altezza yenyewe au zinunuliwe mpya za Toyota, basi. Bolti ya M8 inayobana jointi ya usukani hukazwa karibu 35 Nm kwenye Toyota nyingi. Hiyo huivuta kwa kilonewtoni 22 hivi, na A2-70 ya M8 huanza kunyooka kwenye 16.5. Haihitaji maelezo zaidi.

Bolti za mikanda ni inchi 7/16 yenye meno 20 kwa inchi, hata kwenye magari ya Japani. Mtego wake ni huu: nati ya M12×1.25, ambayo imejaa kwenye Toyota, huvaa bolti ya 7/16 kwa sababu nafasi ya meno inakaribiana sana, 1.25 na 1.27. Inaingia kwa mkono, inaonekana imekubali, lakini imeshika ncha za meno tu. Nati za kuchomelea kwenye chesisi kwa ajili ya mikanda zipimwe moja moja kwa bolti ya mkanda yenyewe. Ikicheza kushoto na kulia ikiwa imeingia yote, nati siyo.

Mtego wa pili ni spana. Bolti za Toyota za M8 zina kichwa cha namba 12, M10 cha 14, M12 cha 17. Za Ulaya ni 13, 16 au 17, na 18 au 19. Kichwa cha 17 kinaweza kuwa M12 ya Kijapani au M10 ya Kijerumani ya zamani, na M10 ya Toyota karibu kila mara ni meno 1.25, wakati ya dukani ni 1.5. Nati ya 1.5 kwenye bolti ya 1.25 huingia mizunguko miwili na kugoma. Ikigoma, toa. Anayelazimisha kwa spana ndefu anaharibu meno yote mawili. Kabla ya kwenda dukani, beba nati moja ya kila aina, na kipimo cha meno ukiweza kukipata.

Bolti za Toyota hazina 8.8 kichwani. Zina tarakimu kama 7, 8 au 9, ambayo ukiizidisha kwa 10 unapata kilo ambazo kila milimita ya mraba huhimili kabla ya kukatika. Ya 8 inakaribia daraja 8.8. Ya 7 iko chini yake kidogo. Rudisha kila moja mahali ilipotoka.

Mbavu za aluminiamu: penye kazi kubwa kuliko sasipensheni

Orodha ilitaka riveti za stenlesi na bolti za stenlesi kila mahali penye bati. Hapa nguvu si tatizo, tatizo ni ndoa ya metali mbili zisizopatana. Kwenye maji ya bahari, aluminiamu hukaa karibu volti −0.75, chuma cha kawaida −0.6, stenlesi iliyotulia −0.1 hivi. Kadiri zinavyoachana, ndivyo iliyo chini zaidi inavyoliwa. Stenlesi na aluminiamu zimeachana mbali sana, na anayeliwa ni aluminiamu: unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, rangi inavimba, tundu linapanuka hadi bolti inapenya.

Ukubwa nao una sauti. Stenlesi kidogo ndani ya bati kubwa la aluminiamu huharibu taratibu. Kinyume chake, riveti ndogo ya aluminiamu ndani ya bamba kubwa la stenlesi, huisha upesi. Lakini usidanganyike na ukubwa wa bati, kwa sababu chumvi hukaa kwenye pete ndogo ya maji inayozunguka kichwa, na uharibifu wote hufanyika hapo.

Kwa gari hili, mbavu na sakafu vifungwe kwa riveti za aluminiamu za milimita 4.8 sakafuni na 3.2 mbavuni, kila baada ya milimita 50, pamoja na gundi ya poliurethani kati ya bati na paipu. Gundi ndiyo inayobeba, riveti zinashikilia tu mpaka ikauke, na gundi hiyo hiyo hutenganisha metali. Unene wa kushikwa ni 1.2 na 1.6, yaani 2.8, na gundi huongeza nusu milimita. Chagua riveti ambayo kipimo chake cha kushika kinajumuisha 3.3. Ndefu mno hujikunja vibaya ndani ya paipu na kulegea.

Utaratibu ni huu. Toboa bati na paipu pamoja, tundu la 3.3 kwa riveti ya 3.2 na la 4.9 kwa ya 4.8. Tenganisha. Ondoa makali, futa vumbi lote la chuma, kwa sababu chembe zikibaki juu ya aluminiamu zitaota madoa ya kahawia baada ya mvua ya kwanza. Paka praima ya epoksi ndani ya kila tundu la paipu kwa brashi nyembamba ya mchoraji. Rangi ya unga imeshavunjwa na drili na chuma kiko wazi. Acha ikauke. Paka gundi, rudisha bati, chovya kila riveti kwenye praima au gundi, ipige ikiwa mbichi. Tundu zinazidi 300. Inachosha, na kuruka hatua ya praima ndiyo sababu kubwa ya magari ya aina hii kuanza kuvimba rangi kwenye mstari wa riveti.

Chagua pia msumari wa ndani wa riveti. Riveti nyingi za Kariakoo ni aluminiamu zenye msumari wa chuma, na kipande cha msumari hubaki ndani, huota kutu, na hutoa machozi ya kahawia chini ya kila riveti. Chukua zenye msumari wa aluminiamu, au zilizofungwa mwisho.

Pale ambapo bati linatakiwa kufunguka, kwa mfano kifuniko cha handaki la giaboksi, tumia bolti za stenlesi A4 za M5 au M6 zenye kichwa kipana, ila ziwekewe washa ya nailoni chini ya kichwa, mrija wa plastiki kwenye tundu, na dawa nzito ya kutenganisha metali, kama Duralac au Tef-Gel, kwenye meno. Nati za kupiga kama riveti ziwe za chuma kwenye paipu ya chuma. Bolti ya stenlesi ndani ya nati-riveti ya aluminiamu, kavu, itashikana ndani ya mwaka, na siku ya kufungua nati itazunguka pamoja nayo.

Stenlesi inapofaa, na jinsi ya kuinunua

Madigadi ya fibaglasi, taa, kioo cha mbele, vioo vya pembeni, pua, bamba la namba, vibano vya nyaya: stenlesi yote, bila kusita. Fibaglasi haina ugomvi na stenlesi. Weka washa pana, kwa M6 yenye kipenyo cha milimita 18 au zaidi, na usizidishe 5 Nm, la sivyo fibaglasi hupasuka kimya kimya chini ya washa.

A2 ina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli 8. A4 ina pia molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayozuia vidoa vya kutu ya chumvi. Kwa Mbezi, Kunduchi, Msasani au Kigamboni, A4 ndiyo ya nje ya gari. A2 itaonyesha madoa ya rangi ya chai baada ya miezi. Haitavunjika, itachafua rangi nyeupe tu.

Sumaku peke yake haitoshi dukani. Ikinatwa kwa nguvu, hiyo ni stenlesi ya aina duni au chuma kilichong'arishwa. Isiponatwa, bado inaweza kuwa ya kundi la 200, yenye manganizi nyingi na nikeli kidogo, ambayo kwa macho na kwa sumaku haitofautiani na A2. Soma kichwa: bolti halali ina A2-70 au A4-70 na alama ya mtengenezaji. Vivyo hivyo kwa 8.8: kuanzia M5 kiwango cha ISO 898-1 kinataka daraja na alama ya kiwanda. Kichwa chenye 8.8 tu bila alama ya kiwanda kiachwe dukani. Kwa stenlesi yenye mashaka, nunua 2 za kila boksi, zifunge kwenye kitambaa kilicholowa maji ya bahari, kiloweshe kila siku kwa wiki moja. Iliyo mbaya itaanza kuota kahawia mapema.

Kushikana kwa meno ya stenlesi ni balaa lake jingine. Meno mawili laini yakisuguana kwa mwendo, tabaka la juu hukwanguka na metali hujiunga. Drili ya kukazia ndiyo chanzo kikubwa, na lokinati za stenlesi ndizo zinazoongoza. Kaza kwa mkono, pole pole, na grisi yenye nikeli au molibdenamu. Ikianza kuwa nzito kabla ya kugusa washa, rudisha nyuma mara moja. Robo mzunguko zaidi na itabidi uikate kwa grenda.

Kwenye eksozi, lokinati ya nailoni haifai, nailoni hulainika kwenye nyuzi 120 hivi. Tumia nati za chuma zilizopakwa shaba zenye mbano wa metali, na stadi za chuma. Stadi za stenlesi zinaweza kutumika kwa grisi ya nikeli, ila hutanuka kuliko chuma cha kawaida kwa karibu asilimia 40, kwa hiyo zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, injini ikiwa imepoa.

Bolti za kuchovywa kwenye zinki moto, zile za minara na nguzo, nazo zilipendekezwa. Zina zinki ya mikroni 45 au zaidi, lakini nati zake hukatwa kubwa ili zipite juu ya zinki, na zinki nene hiyo hukaa na kulegeza mbano. Kwenye geti na trela, sawa. Kwenye gari hili hazina pa kukaa.

Baada ya kukaza

Kila bolti ya sasipensheni ikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, si likiwa juu ya jeki, la sivyo bushi hujikunja ndani na kupasuka. Ichorwe mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi bano. Mstari ukivunjika, kitu kimesogea. Lokinati yoyote iliyofunguliwa itupwe. Ndiyo maana tumetaja 30 kwa bolti 24. Nyunyiza nta au mafuta ya sufu kwenye meno yaliyochomoza na kuzunguka vichwa, usiguse diski za breki.

Osha chini ya gari kila wiki mbili, na baada ya kila safari ya kandokando ya bahari siku hiyo hiyo. Maji ya visima vingi vya ukanda huu yana chumvi; ukiyaonja na kuhisi ladha yake, hayaoshi kitu. Tumia ya bomba au ya mvua, bila presha kali kwenye bushi na vibano vya nyaya. Kaza upya bolti zote 24 baada ya kilomita 100, kisha kilomita 1,000. Mwishoni mwa kila masika chomoa bolti moja ya chini kabisa ya mkono wa mbele na moja ya nyuma, zifute, zitazame kwenye mwanga. Ikiwa sehemu laini ina mashimo ya kutu unayoweza kuyasikia kwa ukucha, seti nzima ya ekseli hiyo ibadilishwe.